Askari Mstaafu Atibiwe Wapi?

Safari hii mtashangaa kutuona tunavuka bahari. Kwa kawaida twaongea habari za malaria, lishe ya watoto na kliniki ya wajawazito. Lakini mwezi uliopita mama mmoja, umri wake kama miaka sabini, alibaki benchini baada ya kliniki ya shinikizo la damu, wenzake wote walipokwisha kuondoka. Tulipomuuliza kama kuna dawa aliyokosa, alisema hapana, ana swali, tena si lake. Mwanawe aliondoka mwaka 1999 kwa ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, akajiunga na jeshi la huko, akatumika zaidi ya miaka 20, akapelekwa Iraki mara mbili, na sasa amestaafu. Kila Jumapili akipiga simu hulalamikia mgongo na kukosa usingizi. Marafiki zake huko wamegawanyika. Wengine humwambia atibiwe katika hospitali za serikali za wanajeshi wastaafu. Wengine humwambia huko ni foleni tu, mwenye bima aende kwa daktari binafsi. "Sasa nyie manesi," akatuuliza, "mimi mtoto nimwambie nini?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tuliomba muda, tukasoma, tukamwandikia muuguzi mwenzetu aliyewahi kufanya kazi wodini kwetu na sasa yuko huko. Na kwa kuwa mama huyu si peke yake mwenye mtoto aliyevaa sare ya nchi ile, tumeona majibu tuyaweke hapa.

Kwanza yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Marekani ina wizara nzima ya kuwahudumia waliowahi kuwa wanajeshi, iitwayo kwa kifupi VA. Ilianza kama idara mwaka 1930, ikapewa hadhi ya wizara mwaka 1989. Ina hospitali zake zipatazo 170 na zahanati zaidi ya 1,000, na waliojiandikisha kutibiwa humo ni watu wapatao milioni 9. Hizo si hospitali za jeshi. Askari aliye kazini hutibiwa kwingine; VA ni ya aliyevua sare. Wala si lazima awe ametumika miaka 20. Aliyetumika kipindi chake akaachishwa kwa heshima aweza kuomba, naye hupangwa katika moja ya makundi manane kufuatana na majeraha aliyoyapata kazini na kipato chake. Aliyeumia sana hutangulia na halipi kitu. Mwenye kipato kizuri na asiye na jeraha huwekwa nyuma, na huenda akachangia gharama, au asipokelewe kabisa.

Jambo la pili ni bima iitwayo TRICARE. Hii ni ya yule aliyestaafu hasa, yaani aliyetimiza miaka 20, au aliyestaafishwa kwa sababu ya afya. Humlipia kwa madaktari binafsi, na humlipia pia mkewe na watoto wake walio bado na umri mdogo. VA kwa kawaida haitibu mke wala watoto. Kwa hiyo mtoto wa mama yetu anayo milango miwili wazi, wakati kijana wa jirani aliyetumika miaka minne anao mmoja tu, labda na bima ya mwajiri wake. Ushauri unaomfaa mmoja haumfai mwingine, na nusu ya ubishi wa marafiki zake inatokana na kutojua hilo.

Sasa maoni yetu, nasi tunayasema wazi. Askari mstaafu mwenye haki ya VA ajiandikishe huko, awe na daktari wake wa kudumu huko, na faili lake likae huko, hata kama ana bima nzuri mfukoni. Daktari binafsi amtumie kwa yale ambayo VA haiwezi au iko mbali mno kuyafanya. Tunajua wengi watapinga.

Wanaopinga wana sababu. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba hospitali ya VA ya Phoenix, jimbo la Arizona, ilikuwa na orodha za siri za wagonjwa wanaosubiri. Kwenye karatasi za kupelekwa juu ilionekana wagonjwa wanaonwa upesi, kumbe wengine wamekaa miezi bila kuitwa, na wengine walifariki wakiwa bado wanasubiri. Uchunguzi ulionyesha kuwa udanganyifu wa namna hiyo ulikuwapo kwingine pia. Waziri wa wakati huo, Eric Shinseki, mwenyewe mwanajeshi aliyepoteza sehemu ya mguu wake Vietnam, alijiuzulu Mei mwaka huo. Sisi tuliosimamia daftari za kliniki tunajua jinsi jambo kama hilo linavyoanza. Mkubwa anadai takwimu nzuri, watumishi ni wachache, na karani anaona ni rahisi kurekebisha tarehe kuliko kumpata daktari. Hatuwatetei. Tunasema tu kwamba ugonjwa huo haukuwa wa Marekani peke yake.

Baada ya aibu ile zilipitishwa sheria mbili, ya mwaka 2014 na ya mwaka 2018. Hiyo ya pili ilianza kutumika Juni 2019, nayo ndiyo mtoto wa mama anapaswa kuifahamu. Inasema kuwa kama safari ya gari hadi kwa daktari wa VA ni zaidi ya dakika 30 kwa matibabu ya kawaida na ya akili, au zaidi ya dakika 60 kwa daktari bingwa, mgonjwa aweza kuomba apelekwe kwa daktari binafsi, na VA ndiyo italipa. Vivyo hivyo kama atasubiri zaidi ya siku 20 kwa matibabu ya kawaida, au siku 28 kwa bingwa. Kwa hiyo kujiandikisha VA hakumfungii mtu ndani. Ila sharti moja wengi hulisahau: aombe kibali kwanza. Akijiendea mwenyewe, hesabu itamfuata nyumbani. Ikiwa ni dharura aende hospitali yoyote iliyo karibu, kisha VA ipewe taarifa ndani ya saa 72. Tunaomba wazazi mlikariri hilo la saa 72, maana mgonjwa aliyelazwa hawezi kulikumbuka, na mara nyingi ni mke au ndugu ndiye atakayepiga simu.

Na je, huko kwa madaktari binafsi ndiko hakuna foleni? Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulilinganisha miji mikubwa. Mwaka 2014 mgonjwa mpya wa VA alisubiri siku 22 na nusu, na wa daktari binafsi siku 18 na ushee. Kufikia mwaka 2017 mambo yalikuwa yamegeuka: VA siku 17 na ushee, binafsi karibu siku 30. Mahali pekee ambapo VA ilibaki nyuma ni kwa mabingwa wa mifupa. Mama atambue hapo, kwa kuwa kijana wake analalamikia mgongo. Huenda kwa mgongo huo akahitaji kibali cha kwenda nje.

Jambo lililotushangaza zaidi ni habari ya vifo. Watafiti walichukua kumbukumbu za wastaafu wenye miaka 65 na zaidi waliochukuliwa na magari ya wagonjwa kati ya mwaka 2001 na 2018, wote wakikaa karibu na hospitali ya VA na hospitali nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Kati ya kila wagonjwa 100 waliofikishwa VA, walikufa ndani ya siku 30 wapatao 9. Kati ya 100 waliofikishwa hospitali nyingine, walikufa karibu 12. Watu wawili na ushee katika kila mia ni wengi. Wodi yetu ina vitanda 32. Tunajua wawili ni wengi kiasi gani.

Kwa nini iwe hivyo, na majengo ya VA mengi ni ya zamani, na hayana marumaru wala maua mlangoni? Sisi twaamini sababu kubwa ni faili. Mgonjwa akifika, daktari wa VA anaiona historia yake yote, dawa zote, tangu siku aliyojiandikisha. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, karatasi za madaktari wengi binafsi zililoa na kupotea majini. Wagonjwa wa VA waliokimbilia majimbo mengine walikuta kumbukumbu zao zinafunguliwa kwenye kompyuta hukohuko walikofikia.

Na hapa mturuhusu kuwasifu wenzetu kidogo. Mapema miaka ya 1990 muuguzi wa VA aitwaye Sue Kinnick, wa mji wa Topeka, alikuwa akirudisha gari la kukodi. Akamwona mfanyakazi akipitisha kifaa kwenye ile mistari myeusi iliyobandikwa garini, na papo hapo kila kitu kikajulikana. Akawaza, kama gari latambulika hivyo, kwa nini si mgonjwa na kidonge chake? Wazo lake likajaribiwa hospitalini kwake, kisha likaenezwa katika hospitali zote za VA, nalo likapunguza makosa ya kumpa mgonjwa dawa isiyo yake. Wazo la muuguzi, wasomaji, si la profesa.

Hatusemi VA ni peponi. Mfumo wao mpya wa kompyuta, ulioanzishwa Spokane mwaka 2020, uliwasumbua na hata kuwadhuru wagonjwa, na mwaka 2023 wakasimamisha kwa muda kuupeleka hospitali nyingine. Mwaka 2025 tuliposoma kwamba wizara inapunguza watumishi karibu 30,000, tulisikia baridi mgongoni. Fedha zinazolipwa kwa madaktari wa nje nazo zimekuwa zikiongezeka mwaka hadi mwaka. Hofu yetu ni kwamba kila anayeondoka kwa sababu foleni ni ndefu anapunguza sababu ya kuajiri muuguzi wa kuifupisha. Huko tunakuachia wewe msomaji uone mwenyewe.

Turudi kwenye jambo la faili, kwa kuwa ndilo tunalolishuhudia kila wiki hapa kwetu. Mzee mmoja aliletwa na wajukuu akiwa hajiwezi, kila akisimama anaanguka. Alikuwa na daftari mbili. Moja ya kwetu, nyingine ya zahanati ya mjini ambako mwanawe humpeleka akija likizo. Kwetu aliandikiwa furosemide. Mjini aliandikiwa Lasix. Kila asubuhi alimeza zote mbili kwa uaminifu mkubwa, bila kujua kuwa ni dawa ileile kwa majina mawili. Maji na chumvi vilikuwa vimemwisha mwilini. Hakuna daktari aliyekosea. Kila mmoja alitibu vizuri kwa daftari aliyoiona. Na sisi pia hatukumuuliza kama ana nyingine.

Sasa mtazame askari mstaafu mwenye daktari wa VA, daktari wa TRICARE, na pengine wa bima ya mwajiri. Kwa maumivu ya mgongo huko hutolewa dawa kali za jamii ya mofini. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wastaafu waliopokea dawa hizo kutoka VA na pia kupitia bima ya serikali ya wazee walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kuzidisha dozi kuliko waliozipata upande mmoja. Ndiyo maana hatumwambii mama kuwa milango miwili ni baraka mara mbili. Kama kijana atatumia yote miwili, basi kila chupa ya dawa aliyopewa nje aipeleke VA ikaandikwe, na kila karatasi ya daktari wa nje iingizwe katika faili lake. Asitegemee kwamba ofisi zitatumiana zenyewe.

Kuna pia magonjwa ambayo daktari wa kawaida hayawazii. Huko Iraki na Afghanistan takataka za kambi zilichomwa katika mashimo makubwa, plastiki, mafuta, betri, vyote pamoja, na askari wakavuta moshi ule mchana na usiku. Sheria ya Agosti 2022 iliyataja magonjwa zaidi ya 20, yakiwamo aina mbalimbali za saratani na magonjwa ya mapafu, kuwa yatahesabiwa yametokana na utumishi kwa aliyekuwa sehemu hizo, bila yeye kutakiwa kuthibitisha. Orodha ya nchi inazo pia Somalia na Jibuti, jirani zetu. VA humuuliza kila aliyejiandikisha habari za moshi na sumu hizo angalau mara moja kila miaka mitano. Daktari binafsi mwenye wagonjwa 30 mlangoni ataona kikohozi, atatoa dawa ya kikohozi. Pengine hata hajui kama aliye mbele yake alikuwa askari.

Hayo hayo kwa usingizi. Mama alilitaja neno hilo kwa sauti ndogo, sisi ndilo lililotushtua kuliko mgongo. Mtu aliyerudi vitani halali, akisikia mlango unabamizwa anaruka, hataki kukaa katikati ya watu, anakunywa ili apate usingizi. Uchunguzi wa mwaka 2014 kwa wahudumu wa afya ya akili wasio wa jeshi wala VA uliona kuwa ni 13 tu katika kila 100 waliokuwa tayari kweli kumhudumia mtu wa namna hiyo, kwa kuyajua maisha ya jeshi na kwa kutumia tiba zilizothibitika. VA hufanya kazi hiyo kila siku, na tangu mwaka 1979 ina vituo vidogo mitaani, mbali na hospitali, ambako wastaafu wa vita huzungumza na washauri ambao wengi wao walikuwa askari vilevile. Wastaafu zaidi ya 6,000 hujiua kila mwaka katika nchi ile. Kwa hiyo mama asimwambie kijana "jikaze wewe ni mwanamume." Amwulize waziwazi kama amewahi kufikiri kujidhuru. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akijibu ndiyo, huko aliko abonyeze 988 kisha 1, atapokelewa na watu wa VA usiku au mchana. Tangu Januari 2023 karibu kila aliyewahi kuwa askari akiwa katika hali hiyo hupata matibabu ya dharura bure, VA au hospitali yoyote, hata kama hakujiandikisha.

Daktari binafsi ana mahali pake, nasi hatumnyimi. Familia ya askari ni ya daktari binafsi. Binti aliyekuwa askari akiwa mjamzito atazalia hospitali ya nje, kwa kuwa hospitali za VA hazizalishi, ila VA italipa. Meno, VA huwatibu wachache tu. Anayekaa shambani huko Montana, saa nne kutoka hospitali ya karibu, kumwambia asiende kwa daktari wa kijijini kwake ni kumkomoa. Na aliyekwisha pata daktari mwema anayemjua kwa miaka 15 asimwache kwa sababu ya makala yetu. Ampelekee tu nakala.

Akifika miaka 65 kuna mtego mmoja. Bima ya wazee, Medicare, ina sehemu ya kulipia madaktari wa nje ambayo hulipiwa kila mwezi. Wengine huikataa wakisema "mimi nina VA." Akiihitaji baadaye hutozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila mwaka aliochelewa, na nyongeza hiyo haiondoki. Tena aliyestaafu kwa miaka 20 asipokuwa na sehemu hiyo kwa kawaida huipoteza na TRICARE yake.

Limebaki swali ambalo mama hakuliuliza, lakini twajua liko moyoni mwake. Je, akirudi nyumbani kabisa? Hapa ndipo wengi hujikwaa. VA haina hospitali Afrika. Nje ya Marekani na maeneo yake ina zahanati moja tu, Manila. Ina mpango wa kulipia matibabu nchi za nje, lakini ni kwa yale maradhi tu ambayo imekwisha kuyakubali kwa maandishi kuwa yametokana na utumishi. Mgongo ukikubaliwa, utalipiwa hata hapa kwetu. Usipokubaliwa, hautalipiwa. Medicare kwa kawaida hailipi nje. TRICARE yaweza kulipa, mara nyingi baada ya mgonjwa kulipa mwenyewe na kutuma risiti. Wala VA haitumi dawa kwa posta nje ya nchi.

Basi kijana afungue madai yake yote angali huko, mgongo, usingizi, masikio, mapafu, asione haya. Siku ya kurudi aje na cheti chake cha kuachishwa jeshi, kiitwacho DD 214, na barua ya VA inayotaja kila ugonjwa uliokubaliwa na asilimia yake, na nakala ya faili lake zima, si muhtasari. Dawa zake aje nazo katika chupa zake za asili, karatasi zake asizibandue wala kuzitupa, maana hizo ndizo tutakazozisoma mapokezi.